Firigisi ya Kaka Ezekia

Harufu ya grisi ya mnyororo iliyochanganyika na tope la ziwa hainitoki puani. Nikipita kwa fundi baiskeli hapa Tunduma ikanipiga, nakasirika kabla sijajua nimemkasirikia nani. Halafu nakumbuka. Ni ule msimu wa kuvuna ufuta, nina miaka kumi, tunaishi bondeni kando ya Ziwa Rukwa. Baba alikuwa ametutoa Iyula, kwenye baridi na kahawa, akatushusha kwenye joto lile kutafuta shamba kubwa. Tulikuwa na baiskeli moja nyeusi, yenye bomba la juu. Kiti sikukifikia. Nilipitisha mguu wa kulia chini ya bomba, nikakanyaga pedeli huku mwili umepinda kama ndizi, na mnyororo ukinilamba muundi kila mzunguko wa gurudumu.

Kazi ile haikuwa yangu, ilikuwa ya kaka yangu Ezekia. Kila asubuhi alitakiwa apeleke uji kwa mama shambani, ashuke ufukweni mpaka kambi ya wavuvi kuchukua samaki, kisha arudi kwa kupitia majaruba ya mpunga. Baba alishasema baiskeli humharibu mtoto wa kike, na aliyebisha alikula fimbo. Lakini Ezekia aliliogopa ziwa tangu mamba alipokamata ndama wa jirani mbele ya macho yake. Akifika nyuma ya shule alinishushia baiskeli. "Zunguka wewe, mimi nakusubiri hapa," aliniambia. "Ukisema kwa baba, nitasema umeiiba." Basi nikazunguka. Nilipita katikati ya ufuta uliosimamishwa mafungu mafungu ukauke, nikashuka kwenye mchanga mgumu uliopigwa na maji, macho yangu yakiwa ziwani nikihesabu kila gogo kuwa mamba. Kati ya shamba na mchanga palikuwa na tambarare ya tope. Juu imekauka na kupasuka kama kigae, chini ni uji. Wafugaji wa kule walituambia watoto: usifuate nyayo za watu, fuata kwato. Mtu hujidanganya, ng'ombe hajidanganyi.

Mama alikuwa mjamzito, na bado alivuna. Asubuhi moja nilimkuta amelala ndani ya kibanda cha shambani, kanga yake imelowa damu, mama mdogo amemshika mabega. Mtoto alikuwa anakuja kabla ya wakati, na anakuja vibaya. Mama mdogo hakuuliza kwa nini ni mimi niliyekuja na baiskeli. "Kwa nesi, ng'ambo ya kambi," alisema. "Pita ufukweni. Barabarani utachelewa." Mama alinitazama tu. Yale macho sitaki kuyaeleza.

Nilipofika kwenye tambarare, nyayo za watu zilikata moja kwa moja kuelekea mchangani. Kwato za ng'ombe zilizunguka mbali, karibu na matete, mahali mamba hupenda. Nikasimama. Damu ya mama nimeiona, nyayo zinaniita, na njia fupi ndiyo niliyoitaka kuliko kitu chochote duniani. Nikafuata kwato, nalia kwa hasira kwa vile zilivyopinda. Matete yalipochakacha sikugeuka. Mguu ulikwama kwenye mnyororo, nyama ikachanika, nikaendelea. Nesi aliponiona alidhani mgonjwa ni mimi. Alipanda pikipiki ya zahanati akaenda, akaniacha pale mlangoni na damu ikinitiririka mpaka kwenye kidole.

Mama alipona. Mdogo wetu akaishi. Baiskeli aliirudisha nyumbani Ezekia, kama kila siku, na baba hakuuliza zaidi. Jioni ya Jumapili baba alichinja jogoo, akawaita majirani, akamsimamisha Ezekia: kijana wangu amelizunguka ziwa, ameokoa watu wawili. Kwetu firigisi huliwa na mwanaume. Baba aliichukua kwa mkono wake akampa. Ezekia alinitazama, akatafuna. Mama mdogo aliinama. Mama naye, akiwa bado amelala, alinishika kifundo cha mkono akakibana, maana yake nyamaza, fimbo ipo. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichuma juani, kivuli akala mwingine.

Leo nina binti wa miaka tisa. Ana baiskeli nyekundu, fupi, haina bomba la juu, na hana pa kuiendeshea. Huku foleni ya malori ya kwenda Zambia imekula barabara nzima, anazunguka uani kama kuku aliyefungwa kamba. Mwezi uliopita baba alikuja na mama kututembelea. Nikapika kuku. Akamweka mjukuu wake pembeni akaanza: "Mjomba wako Ezekia, siku ile bibi yako alipotaka kufa..." Mama, aliyekaa mkekani, akanibana tena kifundo cha mkono, palepale, kama zamani.

Safari hii niliutoa mkono. Nikapandisha sketi mpaka gotini, nikamwonyesha binti yangu kovu. "Muulize babu," nikamwambia, "mjomba wako aliyekuwa anafikia kiti, mnyororo ungemng'ata hapa vipi?" Baba alilitazama kovu muda mrefu. Mama akasema, "Ni huyu, baba Ezekia. Alikuwa yeye kila siku."

Firigisi ilikuwa bado kwenye sahani ya baba. Niliichukua, nikaigawa kwa meno, nusu nikampa binti yangu. Tulitafuna mbele yake, polepole. Ni ngumu ile nyama, na wala si tamu kama nilivyofikiri.