Mteja wa Kakuma aliyeniuliza nyumba yao nimeitupa wapi (wapenzi wa 50mm f/1.8 piteni hapa)

Wakuu, ejok! (Ndiyo salamu yetu ya huku Turkana.)

Mimi nashika kamera hapa Lodwar, harusi na graduation ndizo unga wangu. Leo sina darasa, nina kisa tu, na sijakitia chumvi. Atakayebisha aje tubishane juani mchana, tuone nani atakimbilia kivuli kwanza.

Juzi juzi nilipigiwa simu na dada mmoja wa kambini Kakuma, Mkongomani, tumwite Furaha. Yeye na mumewe walikuwa wanahamia Canada, wanaondoka kesho yake asubuhi. Mamake alikuwa anabaki, jina lake halikuwa kwenye safari hiyo.

Alitaka picha ya mamake mbele ya nyumba yao. Basi. Nikajiambia hii ni kazi ya mkono wa kushoto.

Nikabeba silaha yangu, 50mm f/1.8. Wenye hii lenzi mnajua kiburi chake. Ukiifungua yote, mtu anatoka mkali kama wembe na nyuma yake kote kunakuwa uji.

Nikampiga mama. Wakuu, hiyo ilikuwa picha! Kila mkunjo wa uso unaonekana, macho yanang'aa. Nikampa Furaha kamera huku nikisubiri sifa zangu.

Akatazama, akatazama tena.

"Mama namuona. Lakini nyumba yetu uliitupa wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za bokeh, huo uji wa nyuma. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Kaka, sura ya mama iko mu roho yangu. Ule mulango, na ule muti baba alipanda, njo vitu nitasahau."

Aibu ilinishika, sitaficha.

Nikaingia ndani kubadilisha lenzi. (Kakuma usithubutu kubadilishia nje. Vumbi la huko halibishi hodi, linakwenda moja kwa moja kwenye sensor. Elekeza mdomo wa kamera chini, fanya haraka.) Nikafunga 18-55 ya kawaida ambayo huwa naidharau, nikaenda f/11 ili mama na nyumba vyote vitoke.

Kamera nayo ikaona mabati na mchanga unaowaka, ikadanganyika, uso wa mama ukawa giza. Nikaongeza exposure hadi +1, nikaomba shuka jeupe nikalitandika mbele ya miguu yake limrudishie mwanga usoni.

Mlango ukatoka. Mwarobaini wa baba ukatoka. Hata kuku mmoja ambaye hakualikwa akatoka. Furaha akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nafungasha, mama akaniita. Mpaka hapo hakuwa amesema neno.

"Na mimi nataka yangu. Unipigie huyu mutoto."

Nikamsimamisha Furaha mlangoni, atazame nje, atabasamu. Pozi la kila siku.

Mama akakataa. "Hapana. Hivi iko anaenda. Mimi nataka akuwe anaingia."

Nikamwambia akiingia tutaona mgongo mtupu. Mama akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akaingia ndani, akaketi kitandani kwake, akapigapiga nafasi pembeni.

"Kuja huku."

Nikaenda nikaketi.

Sasa wakuu, ukipiga kutoka ndani kwenye giza ukielekea mlango wenye jua, mtu anatoka kivuli. Nikaweka spot metering, nikapima uso tu, huko nje nikakuacha kuungue kuwe kweupe. Shuka letu tukalihamishia kizingitini. Furaha akatoka, kisha akaingia akiinama kwa sababu mlango ni mfupi, akainua uso akamwona mamake.

Hapo nikabonyeza.

Picha ina noise, chembechembe tele, maana ISO ilipanda, na nje kumeungua kabisa. Harusi zote nilizopiga sijawahi kupata picha inayoikaribia.

Nilichojifunza ni kwamba aperture, yaani hizo f zote, inaweza kungoja. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kifuniko cha lenzi, namuuliza mteja: utakuwa umekaa wapi ukiitazama picha?

Haya, wenye kamera mwageni yenu. Ni mteja gani aliwahi kukukatalia picha nzuri, na ukaona alikuwa na haki? Na wale wa "weka picha mkuu", msijisumbue. Iko ukutani kwa mama, mkabala na kitanda, na ni yake.