Tangi Dogo, Tafadhali

Mtu akiniuliza gari zuri la zimamoto ni la kiwanda gani, namjibu: lile lililopo kituoni. Basi. Mengine yote tulishayabishania hadi mate yakatukauka, na sina hamu ya kuanza upya.

Ilikuwa ruksa ya biashara ndiyo imeanza kupiga hodi Musoma. Sukari imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, hata sabuni ya kunukia unaipata bila kumjua mtu. Sisi zimamoto ruksa ilikuwa bado haijatufikia. Tulikuwa na gari moja la Mwingereza, limekaa juu ya mawe tangu matairi yake yalipoazimwa na wakubwa na kunogewa huko yalikokwenda. Kuku wa jirani walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Moto ukitokea tulikwenda kwa miguu, mipira ya maji begani, watu wakitupisha njia kwa heshima zote. Tukifika, kazi iliyobaki ni kutoa pole.

Mke wangu alikuwa na banda la mbao pale Mwigobero, kando ya ziwa, akiuza chai, maandazi na samaki wa kukaanga. Mshahara wangu ulikuwa unakuja siku unapojisikia, kwa hiyo nyumba iliendeshwa na lile banda. Watoto walivaa na kusoma kwa maandazi. Upande mmoja alipakana na muuza mafuta ya taa, upande wa pili na mama wa dagaa, na kila mmoja na jiko lake la mkaa. Niliogopa moto wa Mwigobero kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Siku moja tukaambiwa wafadhili watatupa gari jipya, ila wanataka kwanza maoni ya askari wenyewe: katika viwanda vitatu, tunataka gari la kiwanda kipi? Vikaletwa vitabu vya picha. Kimoja cha Mjerumani, kimoja cha Mjapani, cha tatu cha Mwingereza yule yule aliyetuachia banda la kuku. Tangu hapo hakuna aliyefagia kituo. Dereva wetu, mtu wa Bunda mwenye tumbo la kuheshimika, alisimama na Mjerumani.

"Mjerumani akipigaga honi, ng'ombe wenyewe wanashuka barabarani," alisema. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli ya Mjerumani.

Mkuu wa kituo alimtaka Mjapani, kwa sababu spea zake zinaingiliana na za mabasi madogo. Hakufafanua kama zitatoka kwenye mabasi kuja kwetu, au zitatoka kwetu kwenda kwenye mabasi. Mwingereza hakupata wa kumtetea, isipokuwa kuku.

Lakini chini ya kelele zote hizo tulikubaliana jambo moja: tangi liwe dogo. Gari letu la zamani, enzi za uzima wake, mjini hakuna aliyeliita gari la zimamoto. Liliitwa gari la maji. Mabomba ya mji yalikuwa yanakohoa hewa tupu, basi sisi tukawa wajaza mapipa: harusi ya mkubwa, msiba wa mkubwa, matofali ya mkubwa kule Bweri, mchicha wa mkubwa nyuma ya nyumba. Hata dereva, aliyezipenda sana pilau za harusi zile, alishachoka kunyeshea mchicha wa watu kwa king'ora. Na ziwa lipo hapo hapo, limeuzunguka mji pande tatu. Gari la tangi dogo na pampu ya nguvu linashuka ufukweni, linanyonya maji, linazima moto. Nani atahangaika kuliazima kwa maji ya mapipa mawili?

Shida ni kwamba siku ya kutoa maoni, aliyekaa mbele yetu na kalamu mkononi ndiye yule mkubwa mwenye mchicha. Utaanzia wapi?

"Mzee, tunaomba lile dogo la Mjapani," mkuu wa kituo akaanza. "La Mjerumani ni zito mno, madaraja ya kule Suguti hayataliweza."

"Mlienda lini kuzima moto Suguti?"

Dereva akajitosa. "Mzee, chuma cha Mjerumani hakipatanagi na upepo wa ziwa. Kinaota kutu." Juzi yake tu alikuwa karibu kumposa huyo Mjerumani.

Nami nikachangia kwamba tangi dogo linakata kona vizuri.

Akatutazama mmoja mmoja. "Zimamoto mnaomba gari la maji kidogo? Ndugu zangu, mko sawasawa kweli?"

Kwa jinsi tulivyolieleza, hata mimi ningetuona wehu. Akachagua la Mjerumani, tangi kubwa kuliko yote kitabuni, na wafadhili wakaambiwa hayo ndiyo maoni ya askari.

Lilipofika, jekundu hilo, mji mzima ulitoka kulitazama. Mke wangu alifunga banda akaja. Akapapasa mlango wake taratibu, akaniambia, "Sasa baba watoto, na mimi nitalala." Nilifurahi, jamani. Nilisahau hata habari ya tangi.

Mchicha haukusahau. Haikuchukua muda tukarudi kwenye mapipa yetu. Halafu ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa atapita kwenda Butiama, na barabara ilikuwa vumbi tupu. Tukaagizwa tuutangulie msafara wake tukamwage maji.

"Na mji, mzee, tunauachaje?" niliuliza.

"Mji una nini? Si umezungukwa na maji?"

Tukaenda wote watatu. Mimi nilikaa nyuma, kazi yangu kufungua na kufunga maji. Vumbi lilitulia kama limechapwa kofi. Mgeni alipopita alitupungia mkono, nasi tukampungia, tukapewa soda, tukaambiwa sisi ni mfano wa kuigwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliporudi. Tulipofika Bweri tuliuona moshi upande wa ziwa, mwembamba, wa moto ulioshiba. Dereva akawasha king'ora, akakanyaga mafuta.

Mwigobero safu nzima ya mabanda ilikuwa mkaa. Ziwa lipo nyuma yake, karibu kiasi cha kuosha miguu. Dereva akazima king'ora. Nikashuka, buti zangu zimejaa tope la barabara ya Butiama, na watu wakanipisha.

Mke wangu alikuwa amekaa chini, kando ya sufuria moja iliyopona. Nilitaka anitukane. Niliomba kabisa moyoni anitukane, mbele ya wote wale, nipate pa kushika. Hakupandisha hata sauti.

"Ulianzia kwa huyu wa mafuta, ukiwa bado mdogo tu," alisema. "Watu wakaja na ndoo, wakataka kupanga mstari mpaka ziwani. Nikawazuia, baba watoto. Niliwaambia wasizibe njia, mume wangu anakuja na gari."