Nilizikwa Nikiwa Darini Kwetu

Nimewahi kuusikiliza msiba wangu mwenyewe. Nilikuwa darini, nimelala kifudifudi juu ya nazi, na chini yangu wanawake wanamlilia Jecha.

Jecha ni mimi.

Mjukuu wangu anayenichapia haya kwenye simu kaniangalia kama nimeanza kuwehuka. We chapa tu.

Ilikuwa msimu wa karafuu wa 1960, upande wa Wingwi. Nilikuwa dresa, yule wa kufunga vidonda na kugawa kwinini, katika zahanati ndogo ya kijiji.

Siasa zilikuwa zimepamba moto, watu hata hawasalimiani. Sheha wetu, mkubwa wa kijiji, akajiwekea sheria yake: asiye na cheti kutoka kwake hatibiwi. Na watu wa bara waliokuja kuchuma karafuu hawapi cheti. Wakaumwe kwao, alisema.

Nikaona huu upuuzi. Kila alfajiri nikawa nawafuata dagoni, kwenye kambi yao ya makuti, na dawa nimezificha kwenye pakacha.

Huko nikazoeana na Jaribu, kijana wa rika langu. Hakuwa na ndugu kisiwani. Kila Ijumaa alimletea mama yangu, Bi Mwanapili, mzigo wa kuni.

Siku moja Jaribu akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Paja limevunjika, tumbo linajaa. Hilo si la dresa, ni la hospitali ya mjini, na bila cheti cha sheha lori halimbebi mtu.

Nilikuwa na cheti kimoja tu. Changu.

Nikamtilia mfukoni. "Wakikuuliza, wewe ni Jecha wa Bi Mwanapili."

Akacheka na maumivu yake. "Leo nimepata mama," akasema. Lori la karafuu likamchukua.

Siku mbili nikalala dagoni na wagonjwa wengine. Siku ya tatu narudi, nakuta mbele ya nyumba yetu pamejaa watu. Maiti imeletwa kwa gari, imeshaoshwa na kukafiniwa, na karatasi juu yake: Jecha.

Nikaingia kwa mlango wa uani, nikapanda darini kabla mtu hajaniona.

Nikitokeza, sheha ananipeleka jela, wachumaji wanafukuzwa, na Jaribu hana wa kumzika. Nisipotokeza, mama anamlilia mwana aliye hai. Nilibanwa, jamani. Kikohozi nacho kikanishika, nikawa natafuna shati.

Maiti ikalazwa chumbani, chini yangu kabisa. Sheha kasimama mlangoni. Mama akaomba amuone mwanawe, nami nikachungulia kwenye ufa wa mbao.

Akafunua uso. Akamtazama yule kijana wa kuni. Akainama akamtazama tena kwa karibu, nikajua kwisha habari yangu.

Sheha akauliza kulikoni.

"Mwanangu huyu," mama akasema. "Kamzikeni ubavuni mwa babaake."

Kisha akalia, kilio cha kweli. Mimi najua alikuwa anamlilia nani.

Watu waliporudi kutoka makaburini na kutawanyika, nikasikia mchi unagonga mbao za dari; kumbe mama alikuwa kakisikia kikohozi changu.

"Jaribu," mama akaita taratibu. "Shuka ule."

Hakuniita tena Jecha mpaka anakufa.

Nikahamia dago la mbali na jina la marehemu. Miezi miwili baadaye homa ikaniangusha, wenzangu wakanibeba hadi zahanati ya huko. Sheha wa huko naye alikuwa kaiga sheria ya mwenzake.

Dresa, kijana kama nilivyokuwa mimi, akaniuliza cheti. Sina. "Katibiwe kwenu," akasema, bila hata kunyanyua uso.

Kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kule nimeshazikwa.

Nilipona kwa uji wa watu wasio na kitu.

Basi wewe unayedai karatasi kabla hujamshika mgonjwa paji la uso, nisikilize. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza hiyo. Mshike kwanza.

Nami nikifa, andikeni Jaribu. Kaburi la Jecha lina mwenyewe.