Pengo la Paja la Amâncio

Deolinda wa Lajes, mji wa wavuvi wa nyangumi kisiwani kwetu, hana kaburi la mumewe. Amâncio alikuwa mpiga chusa. Siku ile fataki ya mlinzi wa kilimani ililia kutangaza nyangumi, wanaume wakatupa majembe wakakimbilia mashua, naye Deolinda alikuwa na mikate tanuuni, hata hakugeuka kumuaga. Kamba ya chusa ikamnasa mguu, nyangumi akazama naye. Mashua ilirudi.

Mashua hiyo sasa imo katika makumbusho ya nyangumi, pale bandarini. Ubao wake wa mbele una pengo. Mpiga chusa hutia paja humo asiyumbe. Paja la Amâncio lililisugua pengo lile likawa laini kama sabuni. Kila Jumapili baada ya misa Deolinda alikuwa akitia kiganja humo na kumweleza mambo ya wiki. Mimi, jirani yake, nilimsindikiza mara nyingi, maana miguu yangu haijui kutulia.

"Shangazi, mpenzi wako kaamka," Nélio, bawabu wa mlangoni, alikuwa akimtania. "Ila leo kanuna."

"Anune na mkate nimemletea? Mwenye sura ya kununa ni wewe, mbuzi we!"

Mwaka huu mashua ilifungiwa bandani ikatengenezwe. Ilipofunguliwa, kiangazi kimekolea, ilikuwa inang'aa kwa rangi mpya. Deolinda akatia kiganja. Akakitoa. Akakitia tena.

"Nélio, mwanangu, ubao huu siyo wenyewe."

"Ule ulikuwa umeliwa na wadudu, shangazi. Fundi kachonga mwingine, kipimo kilekile."

"Wa zamani mmeuweka wapi?"

Nélio akatazama viatu vyake. Kwetu mbao kuukuu hazitupwi. Huwekwa akiba kwa ajili ya moto wa Mtakatifu Yohana, ule wa Juni, uwanjani.

"Tuliutoa kwa ajili ya moto, shangazi. Kama kawaida."

Deolinda akasema polepole, "Nilikuwepo. Nilikuwa naota moto ule. Nikasema kuni za mwaka huu zinawaka vizuri, ongezeni."

Kweli alisema. Nilikuwa kando yake, nikacheka naye.

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe nini? Wewe hukujua. Mimi ndiye niliyeota."

Tulirudi kwa kupitia uwanjani. Mvua ilikwisha kuosha majivu, na mawe ya kisiwa hiki ni meusi yote, palipowaka na pasipowaka. Akainama, akagusa jiwe moja, akagusa la pili.

"Moto ulikuwa wapi hasa?" akaniuliza.

Sikujua. Akaendelea kugusa.