Njia Iliyoishia Bondeni

Mwanabaraka binti Shaame aliingia nyumbani kwangu juu ya keria ya baskeli, mtandio umemfunika uso mzima, na mie ndiye niliyempokea. Hafidh, mume wangu, alikuwa ameoa mke wa pili kutoka ng'ambo ya bonde la mpunga, na watu wa Wingwi walikuja kwa wingi siku ile kutazama nitafanya nini. Nikawapikia. Bibi harusi nikampa chumba cha mbele, nikamwambia, "Karibu mwenzangu. Ukikoroma tutagombana." Akacheka chini ya mtandio. Tukaishi hivyo, tukizaa, tukinuniana, tukichuma karafuu mti mmoja bila ya kusemezana, hata Hafidh akafariki, akatuachia nyumba na sisi wawili ndani yake.

Namuandika kwa sababu siku hizi watu wanamjua kwa kelele zake za njia tu. Mie namjua tangu kabla ya njia.

Kwao ni Kwa Shaame, kiambo kilichochukua jina la baba yake. Ukisimama nyuma ya skuli yetu unaziona paa zake, unaona hata kanga zilizoanikwa. Enzi za Hafidh, Mwanabaraka alikuwa akipakiwa baskeli, mtoto mbele, yeye na kikapu chake nyuma, wanakatiza bonde juu ya matuta ya mpunga, na magharibi anarudi kanga yake inanuka moshi wa makumbi ya nazi wa jikoni kwa mama yake. Siku hiyo haiweki kanga ile majini. Nilikuwa namcheka. Mdogo wake, Khairat, aliolewa pale pale kwao, na msimu wa kuwinga ndege wasile mpunga, ndugu hawa walikuwa wanaitana kutoka kingo mbili za bonde mchana kutwa, mpaka nikawaambia hata hao ndege wameshawachoka.

Kisha maji ya chumvi yakaingia bondeni. Mpunga ukafa, matuta yakamomonyoka, pakabaki tope. Njia ya kwendea Kwa Shaame ikawa ni barabara ya lami, inayozunguka mbali, na huko bodaboda ilimgonga Mwanabaraka, ikamvunja nyonga. Tangu hapo akisikia mngurumo anasimama kama mtoto, ananishika mkono.

Ndipo skuli ilipojengewa njia ya miguu na baskeli. Njia nzuri, imeshindiliwa kifusi, na mdomoni pamesimamishwa nguzo za zege ili gari wala bodaboda isipite. Ilikusudiwa ifike Kwa Shaame, kwani watoto wa kule nao wanasoma kwetu. Fedha za mradi zikamalizika ukingoni mwa bonde, na njia ikaishia hapo, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema.

Mwaka huo huo Khairat akapatwa na kiharusi. Kauli ikampotea, akawa analala tu. Bintiye alikuwa akimuwekea simu sikioni, na Mwanabaraka huku anazungumza peke yake, akinyamaza anasikiliza mwenzake anavyopumua. Wanetu walimkodia gari siku ya Idi, akaenda kafumba macho njia nzima, akala kiapo kwamba barabara ile ya kuzunguka hapiti tena. Aliporudi aliniambia, "Asma, ndugu haogeshwi siku ya Idi tu. Mie nataka niende kila asubuhi nimuogeshe, nimchane nywele, nirudi kwangu. Njia hino ingefika, ningekwenda kwa miguu yangu."

Akaanza. Alimwendea sheha wetu, Mzee Kificho.

"Bi Mwanabaraka, nshakwambia, fedha hazimo."

"Kama hazimo kwako, nambie ziko kwa nani, nikambishie hodi."

"Na nyonga hiyo?"

"Nyonga ni yangu, Mzee. Weye nipe jina tu."

Akenda wilayani na bakora yake. Akawakusanya kina mama wa watoto wa Kwa Shaame, wakakaa kwenye benchi za ofisi mpaka wakaulizwa wanataka nini. Mwisho wakaelekezwa kwa Bi Nazia, binti wa Kihindi wa Madungu, ambaye ofisi yao hutoa fedha za njia za namna hiyo. Msichana mpole. Akasema atakuja mwenyewe kuangalia.

Na hapa tukafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nauma kidole. Mgeni anakuja! Mgeni apitishwe topeni? Mie mwenyewe nilisema barazani kwamba tutatukanwa mpaka Unguja. Wanaume wa pande zote mbili wakalaza magogo ya minazi bondeni, wakamwaga mchanga juu, wakafyeka nyasi. Kina mama tukafagia. Mwanabaraka alifagia kuliko sote. Ilikuwa kaskazi, jua kali, kila kitu kikakauka vizuri.

Bi Nazia akavuka na viatu vyake vyeupe, havikuingia hata doa. Kwa Shaame akalishwa mkate wa kumimina na pweza wa nazi. Nasi tulivuka nyuma yake, na Mwanabaraka akamuogesha nduguye siku ile. Nilimsikia kupitia dirishani akimwambia, "Kesho tena. Na keshokutwa."

Jibu alilileta sheha. "Wanasema njia yetu inapitika vizuri. Fedha zimekwenda kwenye shida zaidi."

Mwanabaraka hakulia. Alisema, "Tumemficha mgeni shida yetu kama tunavyoficha sufuria bovu." Akayavuka magogo yale siku chache tu, masika ya kwanza yakayachukua yote.

Mvua zilipokolea alimpigia simu Bi Nazia. "Mwanangu, njoo tena. Safari hii sikupikii, wala usivae viatu vyeupe."

Akaja. Mzee Kificho alitaka japo mbao mbili zilazwe, Mwanabaraka akamzuia kwa bakora. Mie aibu zilinishinda, nikasimama ukingoni na ndoo ya maji ya kumuoshea mgeni miguu, nikiomba Mungu asitufedheheshe. Wakaingia wawili, mwenzangu mbele. Tope likawafika magotini. Kiatu cha Bi Nazia kikabaki chini, akakipapasa kwa mkono, akakosa.

"Bi Mwanabaraka! Mbona mara ile hamkuniambia?"

"Weye ulikuwa mgeni, mwanangu. Tungekwambiaje?"

Bi Nazia alisimama pale kati, akapiga picha, akageuka. "Nimeona. Turudi, bibi yangu, utaanguka."

"Rudi weye. Mie nshafika nusu."

Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, kisha nikamwita mwenzangu, kisha nikamtukana. Hakugeuka. Alikwenda akiegemea bakora, akizama, akijing'oa, na ng'ambo bintiye Khairat akaingia topeni kumpokea. Nikawaona wanapanda, kisha wakaingia ndani.

Hajarudi. Tope haliwezi mara ya pili, na barabarani hapiti, alikwisha kula kiapo. Anamuogesha nduguye kila asubuhi, anamchana nywele, kama alivyotaka; ila njia ya kurudi kwake ndiyo hana. Bi Nazia amepeleka ombi jipya, na tunaambiwa tusubiri.

Sasa anayemsumbua sheha ni mie. Juzi Mzee Kificho kanicheka. "Bi Asma, si weye uliyesema umechoka na njia ya mke mwenzio?"

"Nilisema. Fedha zinakuja lini?"

Jioni hupiga simu yeye. Ananihadithia Khairat alivyokula. Jana nilimwambia chumba chake nakifagia, mto wake nimeuanika.

"Usiku unalalaje peke yako?" akaniuliza.

"Vibaya," nikasema. "Hakuna anayekoroma."