Uzito wa Chembe Isiyoonekana

Siku niliyoripoti chuoni Morogoro, Mkuu wa Idara ya Hisabati alinikabidhi ufunguo wa ofisi, boksi la chaki na swali moja: "Hiyo jiometri yako inaliwa?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Vijana mnaonisoma, niwaeleze kidogo. Katika namba za kawaida, tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu. Katika jiometri niliyoisomea tunazidisha majedwali ya namba, na ukigeuza mpangilio, jibu linabadilika. Ni kama shambani: kulima halafu kupanda si sawa na kupanda halafu kulima. Wanafizikia waliitumia kukisia uzito wa chembe ambayo hakuna aliyekuwa ameiona bado, ile inayozipa chembe nyingine uzito. Nami nilikuwa nikiukokotoa kwa miaka mitatu.

Ndipo soko huria likatufikia. Maduka ya mjini yalijaa bidhaa, na chuoni tukaambiwa kila somo lijitetee mbele ya kamati au lifutwe. Somo letu lilipangiwa Jumatatu, na wa kulitetea nilikuwa mimi na hesabu yangu.

Asubuhi hiyo, nikinakili hesabu ubaoni, niliweka chaki chini. Kwenye mstari wa tisa nilikuwa nimegeuza majedwali mawili, kwa mazoea tu ya darasa la nne. Jibu lote lilikuwa bovu.

"Mzee, nimekosea," nilimwambia Mkuu.

Alifunga mlango. "Nani mle ndani atajua?"

"Mimi najua."

"Mwalimu, ukifungua mdomo umetuzika wote. Soma karatasi yako, ukae chini."

Nilisimama mbele ya kamati, baridi ya milima ya Uluguru ikiingia madirishani. Nilipofika mstari wa tisa nikasema hapa pana kosa. Mkuu akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo huo uzito huujui?" aliuliza mwenyekiti.

"Leo siujui, Mheshimiwa."

Somo likafutwa. Nikahamishiwa hesabu za biashara, nikazifundisha hadi nilipostaafu, na kwa miaka mingi Mkuu hakuitikia shikamoo yangu. Iliniuma, sitawadanganya. Hesabu yenyewe niliisahihisha baada ya wiki mbili, nikaifungia kabatini.

Nikiwa nimeshastaafu, redio ilitangaza kwamba chembe ile imeonekana ng'ambo, ikataja na uzito wake. Nikatoa madaftari, nikalinganisha. Hesabu niliyoisahihisha ilikuwa mbali kabisa. Ile yenye kosa ndiyo iliyokaribia.

Nilimpigia simu Mkuu wangu, sasa mzee wa kutembelea mkongojo.

"Unaona!" alifoka. "Ungenyamaza tu, tungepatia!"

"Tungebahatisha, mzee."

Akashusha sauti. Kisha akauliza, taratibu, "Hivi huo mstari wa tisa ulikuwaje hasa?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.