Kioo cha Senje

Hadi leo, nikiona kwa wachuuzi kile kioo kidogo cha kunyolea ndevu, chenye fremu nyekundu ya plastiki, mgongo hunisisimka. Si kwa sababu ya sura yangu, ingawa nayo ina kesi yake. Ni kwa sababu ya Senje.

Senje, dada yake baba, alikuwa mwalimu. Miaka hiyo ya tisini alikuja kukaa nasi mtaani Ziwani akisomea namna ya kuwafundisha kusoma na kuandika watoto walioshindwa na madarasa ya kawaida. Wenzangu wakicheza nje, mimi nilikaa ndani kama sufuria, kwa hivyo ukachero wa nyumba ulikuwa wangu.

Jioni moja, chai ikichemka, nilimwona akisimamisha kioo cha baba mezani. Akafunika mkono kwa boksi la sabuni, akaanza kuandika jina lake huku akitazama kioo tu. Herufi zilitoka zimelewa, nyingine zimegeuka kinyume. Kesho yake, tena.

"Ni kazi ya chuo," alimwambia mama.

Chuo gani kinamfundisha mwalimu kuandika jina lake? Nilipeleka habari kwa jirani, Mama Zuhura, aliyekuwa akikaanga mahamri.

"Kioo, magharibi, na maandishi ya kinyume?" Akashika shavu. "Mwanangu, mimi simo. Mlindeni huyo mdogo wenu."

Mdogo wetu alikuwa Wekesa. Alikuwa amerudia darasa na bado hajui kusoma. Mama alikuwa ameapa: asiposoma kufikia Desemba, anaenda ushago, kijijini, kuchunga ng'ombe wa babu. Sasa Senje anataka akae naye jioni. Nani asiyeona mtego? Ningebaki bila mtu wa kumcheka.

Jioni Wekesa alipoketi naye, nikajificha nyuma ya pazia. Senje aliandika, akakosea, akafuta hadi karatasi ikatoboka, akatupa kalamu. "Huu mkono umeniaibisha!"

Wekesa akamsogelea, akampapasa bega. "Pole, Senje. Usifute. Ukifuta, mwalimu anajua. Andika ndogondogo, zibanane. Hataona."

Senje hakucheka. "Kumbe wewe hufanya hivyo?"

"Kila siku."

Nilikuwa nasubiri jini. Nikaona mtu mzima akilia juu ya boksi la sabuni.

Kesho yake kioo kilirudi kwa baba. Mezani ikaja sinia ya unga, na Wekesa akaandika kwa kidole herufi kubwa kama chapati. Akikosea, Senje anatikisa sinia, kosa halionekani tena. Mama alinung'unikia unga wake, lakini Desemba ilipofika, ng'ombe wa babu walikosa mchungaji.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba kwa kioo kile chuo kilitaka mwalimu aonje aibu ya mkono usiotii kabla ya kumkaripia mtoto. Mimi na Mama Zuhura, wasomaji hodari, tuliona uchawi. Wekesa peke yake hakumshuku. Yeye alidhani hatimaye amepata mwenzake.